Kifua Kinapobana: Ni Nini Hulegeza Misuli ya Njia ya Hewa?

(Mazungumzo ya kamati ya afya mbele ya wahudumu wa afya wa vijijini, wazazi na vijana)



Tuliombwa tuzungumze juu ya ugonjwa wa pumu, na wengi wenu mnajua sababu. Wakati wa mvua ndefu zilizopita, msichana mmoja wa hapa kwetu, mwanafunzi wa shule ya upili, alishikwa na pumu usiku. Nyumbani kulikuwa na inhela ya buluu, lakini ilikuwa imefichwa kabatini. Mama yake alikuwa ameambiwa na majirani ya kwamba mtoto akizoea pampu hataiacha maisha yake yote. Kwa hiyo walimpa chai ya tangawizi, wakampaka mafuta kifuani, wakangoja kupambazuke. Alipofikishwa hospitali alikuwa hawezi hata kutaja jina lake.

Mungu ni mwema, alipona. Lakini sisi wa kamati tulirudi nyumbani na aibu. Mama huyo anampenda mtoto wake kuliko sisi sote. Kitu alichokosa ni maelezo, na maelezo tulikuwa nayo sisi, hatukumfikishia.

Kwa hiyo leo hatutasema tu "tumieni dawa" kisha tuketi. Tutaeleza dawa hiyo inafanya nini ndani ya kifua. Mtu akielewa kazi ya jembe hawezi kuogopa kulishika.

KOO LA NG'OMBE

Hapa mezani tumeweka koo la hewa la ng'ombe, tumelinunua bucha leo asubuhi. Pitisheni, kila mtu aliguse. Mnaona limejengwa kwa pete za gegedu, ule mfupa mwororo. Sasa geuzeni mtazame upande wa nyuma. Pete hazikutani, si ndio? Katikati kuna utepe wa nyama. Huo utepe ni misuli.

Misuli ya mkono unaiamuru wewe mwenyewe: unataka kuinua debe, unainua. Hii ya koo haingoji amri yako. Ni jamaa ya misuli ya tumbo na ya mishipa ya damu, inayofanya kazi hata ukiwa umelala. Wataalamu huiita misuli laini.

Koo hili likiingia kwenye mapafu hugawanyika matawi mengi, kama mizizi ya mwembe, yakizidi kuwa membamba. Vijitawi vya mwisho havina gegedu kabisa. Misuli laini imevizunguka kama kamba inavyozunguka mdomo wa gunia. Kamba ikilegea, hewa inapita. Kamba ikivutwa, mdomo unafungwa.

Ninyi mnaomwagilia mboga kwa mpira wa maji mtaelewa jambo hili haraka. Ukichukua mpira wenye nusu ya upana, ukasukuma maji kwa nguvu ile ile, hupati nusu ya maji. Unapata karibu sehemu moja tu kati ya 16. Ndiyo sababu mtu wa pumu anaweza kuwa anacheka saa moja, na saa mbili anapigania pumzi. Njia ikipungua kidogo, hewa inapungua sana.

Katika pumu mambo matatu hutokea pamoja. Misuli inakaza. Ngozi ya ndani ya njia ya hewa inavimba. Na ute mzito unajaa. Tafadhali yakumbukeni yote matatu, kwa maana kosa letu kubwa ni kushughulikia la kwanza na kusahau mengine mawili.

NANI HUAMURU MISULI IKAZE AU ILEGEE?

Amri ya kukaza huja kwa njia zaidi ya moja. Kuna neva itokayo kwenye ubongo ambayo humwaga kemikali iitwayo asetilikolini juu ya misuli. Tena, vumbi au chavua ikiingia kwa mtu mwenye mzio, seli za ulinzi humwaga histamini na kemikali nyingine. Amri hizi zote huishia mahali pamoja: madini ya kalsiamu huongezeka ndani ya seli ya misuli, na misuli inakaza.

Amri ya kulegea nayo ina njia zake. Leo tutazungumza juu ya mbili.

Njia ya kwanza ni ya adrenalini, ile homoni inayomwagika katika damu unapokutana na nyoka njiani. Ikifika kwenye misuli ya njia ya hewa, hugusa mlango maalumu, na ndani ya seli hutengenezwa kemikali iitwayo saikliki AMP. Kalsiamu hupungua nguvu, misuli hulegea. Salbutamoli, yaani dawa iliyomo katika inhela ya buluu, hubisha mlango huo huo. Ilianza kuuzwa mwaka 1969. Hufungua kifua kwa dakika chache, na kazi yake hudumu saa nne hadi sita.

Njia ya pili ni ya gesi. Ndiyo, gesi inayotengenezwa na mwili wenyewe. Inaitwa naitriki oksaidi: chembe moja ya nitrojini na moja ya oksijeni, basi. Msiichanganye na ile gesi ya usingizi ya daktari wa meno, hiyo ni nyingine.

GESI ILIYOTOKA KWENYE BARUTI

Habari ya gesi hii ni ya ajabu kidogo. Mwaka 1867 Alfred Nobel wa Sweden alipata hataza ya baruti kali ya dainamaiti, iliyotengenezwa kwa nitrogliserini. Miaka michache baadaye, mwaka 1879, daktari mmoja Mwingereza, William Murrell, aliandika ya kwamba nitrogliserini hiyo hiyo, ikitolewa kwa kipimo kidogo sana, hutuliza maumivu ya kifua yanayotokana na moyo. Hata Nobel mwenyewe, mwishoni mwa maisha yake, aliandikiwa na madaktari. Dawa ilifanya kazi, lakini kwa karibu miaka 100 hakuna aliyejua kwa nini.

Mwaka 1977 Ferid Murad na wenzake huko Marekani waligundua ya kwamba nitrogliserini na dawa za jamaa yake huachilia naitriki oksaidi. Na moja ya nyama walizozipima katika kazi yao ilikuwa hii hii mliyoishika: misuli ya koo la ng'ombe. Gesi ikiingia katika seli ya misuli huamsha kimeng'enya kiitwacho guanileti saiklesi, nacho hutengeneza kemikali iitwayo saikliki GMP. Hii ni kama dada yake saikliki AMP. Kazi ni ile ile: kalsiamu inashuka, misuli inalegea.

Mwaka 1980 Robert Furchgott alionyesha ya kwamba ngozi ya ndani ya mshipa wa damu hutoa kitu kinachoulegeza mshipa, na mwaka 1986 yeye na Louis Ignarro, kila mmoja kwa utafiti wake, walisema kitu hicho ni naitriki oksaidi. Mwaka 1998 watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba, ile inayolipwa kwa mali aliyoiacha mtu wa dainamaiti.

Na kifuani je? Imebainika ya kwamba binadamu ana neva zinazolegeza misuli ya njia ya hewa, na neva hizo hutumia naitriki oksaidi kufikisha ujumbe. Kwa hiyo kila mmoja wetu, hapa alipoketi, anaitengeneza gesi hii kifuani mwake.

MBONA BASI HATUPEWI GESI HIYO?

Swali hili ni zuri, na watafiti waliliuliza pia. Mwaka 1993 walijaribu kuwavutisha wagonjwa wa pumu naitriki oksaidi iliyopimwa. Njia ya hewa ilifunguka, lakini kidogo tu.

Sababu zipo. Gesi hii huishi sekunde chache. Ikikutana na damu hushikwa mara moja. Ikikutana na oksijeni hugeuka kuwa naitrojeni daioksaidi, ambayo huchoma mapafu. Hiyo imo katika moshi wa magari na wa majiko, kwa hiyo asije mtu akasema moshi ni dawa! Tena, gesi hii inapovutwa hulegeza zaidi mishipa ya damu ya mapafu kuliko misuli ya njia ya hewa. Hapo ndipo ilipopata kazi yake: tangu 1999 imekubaliwa Marekani kwa watoto wachanga waliozaliwa wakiwa na oksijeni kidogo mno na shinikizo kubwa katika mishipa ya mapafu. Hutolewa kwa mashine, hospitalini, chini ya ulinzi mkali.

Na vidonge vya nitrogliserini? Hivyo ni vya moyo. Hushusha presha ya damu. Mzee mwenye vidonge hivyo asimgawie mjukuu mwenye pumu, hata kwa kumhurumia.

KITENDAWILI CHA PUMZI

Sasa sikilizeni jambo ambalo lilitushangaza sisi wenyewe. Mwaka 1991 wataalamu wa Sweden waligundua ya kwamba naitriki oksaidi hutoka katika pumzi ya binadamu. Mwaka 1993 wakapima watu wa pumu, wakakuta pumzi yao ina nyingi kuliko ya watu wazima wa afya.

Mtauliza: kama gesi hii hulegeza misuli, na mgonjwa anayo nyingi, mbona kifua kimebana?

Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, gesi hiyo ya ziada inatoka kwenye ngozi iliyovimba. Ni moshi unaotuonyesha ya kwamba ndani kuna moto. Pili, mwaka 2016 watafiti wa Cleveland, Marekani, walieleza ya kwamba katika pumu kile kimeng'enya cha kupokea ujumbe huharibika. Hupoteza kipande chake chenye madini ya chuma, na bila kipande hicho hakiwezi kuishika gesi. Mjumbe anabisha hodi, lakini mwenye nyumba hasikii. Watafiti hao walijaribu kwa panya dawa zinazokiamsha kimeng'enya moja kwa moja, na njia za hewa zikafunguka. Dawa ya namna hiyo, riosiguati, imekubaliwa tangu 2013 kwa shinikizo la mishipa ya mapafu. Kwa pumu bado ni jambo la utafiti, asije mtu akaitafuta kwa kemisti.

Lakini kipimo cha pumzi kinatumika tayari. Mgonjwa hupuliza katika mashine ndogo. Kwa mtu mzima, gesi ikizidi sehemu 50 katika bilioni moja ya hewa, daktari hujua ya kwamba uvimbe wa mzio uko wazi. Akianza dawa ya kutuliza uvimbe, kiasi hicho hushuka. Kwa kawaida mashine hizo haziko katika zahanati, lakini somo lake linafika hadi hapa kwetu: mtu anaweza kujisikia vizuri baada ya inhela ya buluu, na moto ungali unawaka ndani.

INHELA MBILI, KAZI MBILI

Tumefika kwenye jambo lenyewe. Salbutamoli hulegeza kamba ya gunia. Haitulizi uvimbe, wala haiondoi ute. Baada ya saa chache inakwisha, na kama uvimbe upo, kamba inavutwa tena. Mtu anabonyeza tena, na tena. Jirani akiona hivyo anasema, "Mmeona? Amezoea pampu!" Hapana, ndugu zetu. Huyo hakulevywa na pampu. Huyo ana moto usiozimwa.

Dawa ya kuzima moto ni nyingine: inhela ya stiroidi, kama beklometasoni au budesonidi. Haifungui kifua papo hapo. Huchukua siku na wiki, na hutumiwa kila siku hata kama mtu hajisikii mgonjwa. Baada ya kuivuta, sukutua kinywa na uteme maji. Akina mama wengine wameogopa neno stiroidi. Kipimo cha kuvuta ni kidogo na huenda moja kwa moja mahali pa kazi.

Mwaka 2019 jopo la kimataifa la pumu linaloitwa GINA lilibadilisha ushauri wake: vijana wakubwa na watu wazima wasitibiwe kwa salbutamoli peke yake. Siku hizi kuna pia inhela moja yenye budesonidi na fomoteroli pamoja, inayolegeza na kutuliza uvimbe kwa mvuto mmoja. Muulizeni daktari kama inapatikana na kama inamfaa mgonjwa wenu.

Na hesabu mikebe. Mkebe wa kawaida wa salbutamoli una mivuto 200. Mtu anayemaliza mikebe mitatu au zaidi kwa mwaka yuko katika hatari ya kushikwa vibaya. Anayemaliza 12, yaani mmoja kila mwezi, yuko katika hatari ya kufa. Wahudumu wa afya, mkitembelea nyumba, ulizeni swali hilo moja: "Mmenunua pampu ngapi tangu Januari?"

CHUPA YA SODA

Wengi hubonyeza inhela na dawa yote huishia ulimini. Dawa iliyoko ulimini hailegezi misuli ya mapafu. Mwaka 1999 Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town, Afrika Kusini, walionyesha ya kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita inaweza kuwasaidia watoto walioshikwa na pumu sawa na kile chombo cha kununua.

Hivi ndivyo inavyotengenezwa. Osha chupa kwa maji na sabuni ya vyombo, usiipanguse, iache ikauke yenyewe. Toboa kitako chake kwa waya wa moto, tundu liwe sawasawa na mdomo wa inhela. Ingiza inhela, ziba pembeni kwa gundi au utepe, na gundi ikauke kabisa. Tikisa inhela. Mgonjwa ashike mdomo wa chupa kwa midomo yake bila kuacha nafasi. Bonyeza mara moja, kisha avute na kutoa pumzi taratibu mara tano. Mtoto mdogo sana anahitaji barakoa yake. Pateni msaada zahanati.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Zamani watu walivuta moshi wa mnanaha kwa ajili ya pumu. Ni kweli mmea huo una dawa inayozuia asetilikolini, lakini ni sumu, na hakuna anayeweza kukisia kipimo chake katika moshi. Uacheni.

Vidonge na dawa ya maji ya salbutamoli hupitia tumboni, huchelewa, na huleta mapigo ya moyo na kutetemeka zaidi ya inhela.

Mtu wa pumu akiandikiwa dawa ya presha au ya moyo, aseme mapema ana pumu. Zipo dawa, kama propranololi, zinazoufunga ule mlango ambao salbutamoli hubisha.

Na wanaume, mtusamehe, ni lazima tuseme. Vile vidonge vya nguvu za kiume vyenye sildenafili huzuia saikliki GMP isivunjwe. Aliyetumia dawa za moyo za jamii ya nitrogliserini akavimeza, mishipa hulegea kupita kiasi na presha huanguka. Mtu anaweza kufa.

Jikoni, tuondoe moshi. Mtoto wa pumu asilale penye jiko la makaa.

AKISHIKWA USIKU

Mkalishe wima, usimlaze. Mpe salbutamoli kwa chupa, mivuto minne, mmoja baada ya mwingine. Ikiwa baada ya dakika 20 hajapata nafuu, rudia na muanze safari. Ikiwa hawezi kumaliza sentensi, midomo imegeuka rangi, mbavu zinaingia ndani, anasinzia, au kifua kimenyamaza ghafla bila filimbi, msingoje dakika 20 wala asubuhi. Tafuteni gari saa ile ile, na mwendelee kumpa dawa njiani. Kimya cha kifua si kupona: hewa haipiti.

Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo. Yule msichana yuko shuleni. Inhela ya buluu iko mfukoni mwake, ile ya kuzuia iko karibu na mswaki ili asisahau, na mwalimu wake wa darasa anajua chupa iko wapi. Mama yake ndiye aliyetuletea chupa hizi 20 mnazoziona mlangoni, zote zimeoshwa. Kila aliye na mgonjwa wa pumu nyumbani achukue moja, na tutabaki hapa baada ya chai tuzitoboe pamoja.